Mkonge, Katani na Sisal: Habari za Majina ya Zao Letu

Halmashauri ilipokata shauri kwamba kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi kiandikwe, kazi iligawanywa. Mweka Hazina alipewa hesabu, Mwenyekiti akapewa habari za waasisi, nami Katibu nikaambiwa niandike historia. Lakini historia ya Chama Kikuu chetu Mwenyekiti amekwisha ieleza vizuri katika kurasa zilizotangulia, wala sioni faida ya kuirudia kwa maneno yaliyo dhaifu kuliko yake. Kwa hiyo nimechagua historia ya neno. Ndugu mwanachama asidhani kwamba nimeacha mambo ya shamba nikakimbilia mambo ya kamusi. Nitaonyesha mbele kwamba kwa neno hilo fedha yake hupimwa.

Kila mtu aliyehudhuria Mkutano Mkuu wetu amesikia jinsi wajumbe wanavyosema. Watu wa pwani husema mkonge. Wengi wa wanachama wetu ambao wazee wao walitoka bara husema katani. Barua za wanunuzi wa ng'ambo husema sisal. Aghalabu tunadhani kuwa hayo ni majina matatu ya kitu kimoja, kama vile mtu mmoja aitwavyo kwa jina la babu yake na jina la utani. Sivyo hata kidogo. Kila neno katika hayo lilikuwa na kitu chake kabla mmea huu haujafika Afrika, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna hata moja lililoanza kwa kuutaja mmea huu tulionao mashambani.

Tuanze na mkonge, kwa kuwa ndilo la kwetu. Zamani, kabla ya Wadachi kufika Tanga, wenyeji wa pwani na wa milima ya Usambara waliujua mkonge. Ulikuwa mmea wa porini, wenye majani marefu, manene, yenye mabaka, uotao kivulini chini ya miti. Watu waliyaponda majani yake, wakayakwangua kwa ubao au kisu butu, wakapata nyuzi nyeupe zilizofaa kwa kamba, mitego na nyuzi za pinde. Mmea huo bado upo, na wazee huwaonyesha watoto wanapopita porini. Wataalamu wa mimea waliuita Sansevieria, kwa kumheshimu mwana wa mfalme mmoja wa Italia aliyekuwa bwana wa Sansevero, mtu ambaye hakupata kuuona mwitu wa Usambara maishani mwake. Ndivyo majina ya kitaalamu yalivyo. Humtukuza aliye mbali.

Neno lenyewe halikuwa la Waswahili peke yao. Katika lugha ya Kinyanja, huko Malawi na nchi za Zambezi, huitwa khonje, na kila asikiaye ataona kwamba khonje na konge ni ndugu wa tumbo moja. Wafanya biashara wa Uingereza katika karne ya 19 waliziandika nyuzi za huko kwa jina hilo hilo la konje. Waganda nao wana neno jingine, ekigoogwa, nao wamefanya kama tulivyofanya sisi: jina la mmea wa porini wakalitia juu ya ule uliokuja na meli. Warundi na Wanyarwanda husema umugwegwe.

Sasa msomaji aniruhusu kusimama kidogo Pangani, maana mahali hapo pana jambo ambalo sijalisikia likisemwa katika mikutano yetu. Mwaka 1887, Bustani ya Kew karibu na London, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea ya makoloni ifaayo kwa biashara, ilianza kutoa jarida lake. Katika mwaka huo huo wa kwanza jarida hilo liliandika habari za nyuzi za mkonge wetu wa porini. Aina moja ikapewa jina la Sansevieria kirkii, kwa ajili ya Sir John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, na nyuzi zake zikaitwa katika biashara kwa jina la Pangani. Yaani Pangani ilikuwa karibu kuwa jina la nyuzi duniani kote. Kama biashara ile ingalistawi, leo mwenye kiwanda cha kamba huko Ulaya angaliandika barua akiomba tani kadhaa za "Pangani", bila kujua kwamba ni mji wenye watu na mto.

Haikuwa hivyo. Mji mwingine ndio uliopata bahati hiyo, kama ni bahati.

Mji huo ni Sisal. Uko katika rasi ya Yucatán, nchi ya Meksiko, ufukoni mwa Ghuba. Ni bandari ndogo, na nguvu zake zilikwisha baada ya bandari mpya ya Progreso kuanzishwa mwaka 1871. Lakini kabla ya hapo bidhaa za Yucatán zilipakiwa Sisal, na miongoni mwake zilikuwamo nyuzi za kutengenezea kamba za meli. Mafurushi yalipofika New York wafanya biashara hawakuuliza mmea ule unaitwaje kwao. Waliuliza umetoka bandari gani. Basi jina la bandari likawa jina la nyuzi, na baadaye likawa jina la mmea.

Walioulima ni Wamaya, watu wenye ustaarabu wa kale, nao walikuwa na jina lao tangu mababu. Waliuita ki. Tena hawakuuita ki tu, maana mkulima huona tofauti ambazo mnunuzi hazioni. Walikuwa na sak ki, yaani ki nyeupe, na yaax ki, yaani ki ya kijani. Sak ki ndiyo waliyoipanda kwa wingi kwa ajili ya kuuza, na Waispania waliiita henequén, neno ambalo inasadikiwa walilichukua visiwani mwa Karibi. Yaax ki ilikuwa na nyuzi laini zaidi, ikapandwa kidogo kidogo. Sasa angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Sehemu kubwa ya nyuzi zilizopita bandari ya Sisal na kuupa mji ule sifa ilikuwa ya ki nyeupe. Lakini mmea ambao dunia nzima leo unauita sisal ni ki ya kijani.

Jambo hilo lilifanywa na mtu mmoja, Henry Perrine, tabibu aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Campeche tangu mwaka 1827. Alikuwa na shauku ya kuhamishia mimea ya nchi za joto katika Florida. Akapeleka miche, akaandika habari zake, na mwaka 1838 akaupa mmea wetu jina lake la kitaalamu, Agave sisalana. Hakuishi kuona matunda ya kazi yake, maana aliuawa mwaka 1840 kisiwani Indian Key katika vita vya Waseminole. Miche yake lakini ilibaki Florida ikaota yenyewe kama magugu. Na lile neno Agave ni la Kiyunani, maana yake "mtukufu". Katika ngano za Wayunani, Agave ni jina la mama aliyemuua mwanawe kwa wazimu. Nafikiri mwanachama aliyepata kuchomwa na mwiba wa jani machoni ataikubali maana ya pili upesi kuliko ya kwanza.

Kutoka Florida ndiko mmea ulikotufikia. Dr. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wadachi ya Afrika Mashariki, alisoma habari zake katika lile lile jarida la Kew. Akaagiza miche 1,000. Njia ilikuwa ndefu, kupitia Hamburg, na miche mingi ikakauka. Mwaka 1893 ilifika ikiwa hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wako wasimuliao kwamba miche hiyo iliibwa Meksiko ikafichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, na wazee hupenda kuisimulia, lakini mtu asiyekuwa na haja ya kuvuka forodha ya Meksiko hakuwa na haja ya mamba. Florida miche iliuzwa kwa bei ya sokoni.

Basi huko Pangani, mji ambao miaka sita tu kabla yake jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya nyuzi za porini, ndiko jina la Sisal liliposhuka pwani likalifuta. Ndani ya miaka ishirini koloni la Wadachi lilikuwa likipeleka nje zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka. Kutoka kwetu miche ikavuka hadi Kenya. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000, ikawa ya kwanza duniani.

Wenyeji walipouona mmea mgeni hawakuhangaika. Waliona majani marefu yenye nyuzi ndani, wakasema: huu nao ni mkonge. Naona hiyo ni busara kubwa. Mfanya biashara aliutambua mmea kwa mahali ulipopakiwa, bali mwenyeji aliutambua kwa kazi yake. Wenzetu wa Afrika Kusini wasemao Kiafrikaans nao walikwenda njia hiyo wakauita garingboom, maana yake mti wa uzi. Wachina husema jianma, ambalo ndani yake mna upanga na mmea wa nyuzi, nao wameupanda sana huko kusini mwa nchi yao. Na tena mbegu waliyoipenda ni ile chotara yenye nambari 11648, iliyozalishwa Mlingano, hapa hapa Tanga. Mzazi mmoja wa chotara hiyo anaitwa Agave amaniensis, kwa kuwa alitambuliwa Amani, milimani Usambara, ingawa asili ya jamii yake yote ni Amerika. Kwa hiyo mahali petu pamoja pamepata kuingia katika kitabu cha majina ya ulimwengu, ijapokuwa kwa mlango wa nyuma.

Waingereza na Wadachi wao walifuata desturi nyingine. Kila nyuzi ngumu iliyowajia waliiita kwa jina la mmea wao wa kale wa kamba, nao si mwingine ila ni mbangi. Ule wa kwao ulilimwa kwa ajili ya nyuzi, si kwa ajili ya kuvutwa. Kwa sababu hiyo katika bei za London za zamani utaona mbangi wa Manila, ambao kwa kweli ni jamii ya mgomba uitwao abaká huko Ufilipino. Mbangi wa Mauritius, ambao ni jamaa wa karibu wa mkonge. Mbangi wa New Zealand. Na mbangi wa Sisal. Hapana hata mmoja katika hao uliokuwa mbangi. Mwanachama asiogope basi akikuta hati ya zamani ya shamba iliyoandikwa hivyo.

Neno katani ndilo lenye safari ndefu kuliko yote. Ni la Kiarabu, kattān, na maana yake ni ule mmea mwembamba wa Misri na nchi za Shamu unaofumwa nguo nyeupe. Ni neno la kale sana. Jamaa zake huonekana katika lugha za Babeli, na inaaminika kwamba Wayunani walipata humo jina la kanzu yao. Lilipofika pwani yetu likazaa watoto wawili. Mmoja ni kitani, na kila asomaye Biblia amekutana na kitani safi. Wa pili ni katani, ambaye hakuvaliwa na matajiri bali alikwenda baharini: uzi wa katani ulikuwa uzi imara wa kushonea matanga, na wa mafundi wa viatu na matandiko. Watu wakazoea kwamba katani ni uzi wowote wenye nguvu usiokuwa wa pamba. Hata nyuzi za mashamba ya Tanga zilipoanza kujaa maghalani, neno lilikuwa tayari likizingoja. Angalia lakini: katani tangu mwanzo lilitaja uzi, kitu kilichokwisha kutengenezwa. Halikutaja shamba wala jani.

Liko na neno la nne, ambalo wengi hulisahau kwa kuwa hulisikia kila siku, nalo ni singa. Usinga ni unywele mrefu ulionyooka, kama wa mkia wa farasi. Waliolitia katika kazi yetu walikuwa watu wa kianikio na wa brashi, waliozishika nyuzi kwa mikono yao zikianguka kama nywele. Sijui neno la lugha nyingine lililochaguliwa vizuri kuliko hilo. Halafu kuna korona, mashine ya kuchania majani, jina lililotoka juu ya bamba la chuma la mashine za Krupp wa Ujerumani. Na mwaka 2020, ugonjwa wa jina hilo ulipoenea, vijana wetu wa mitamboni walikuwa na mzaha wao ambao haufai kuchapishwa humu.

Siwezi kupita hapa bila kutaja maneno mawili ambayo mmea huu uliyaacha katika Kiswahili, nayo hayapendezi. Watu walioajiriwa kwa mikataba kutoka mikoa ya mbali, na kutoka nchi jirani, waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa. Kadi yake ya kazi iliitwa kipande, nayo ilikuwa na siku 30 za kujazwa. Asiyemaliza kazi aliyopimiwa hakuandikiwa siku. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, na jina lake, SILABU, bado latajwa na wazee. Huko Yucatán nako Wamaya waliokuwa na jina zuri la ki waliishia kuwa watumwa wa madeni katika mashamba makubwa, hasa baada ya mashine za kufunga ngano huko Amerika kuanza kuhitaji kamba nyingi mno katika miaka ya 1870 na 1880. Wanachama wetu wengi ni wajukuu wa manamba. Wapo hapa, wana mashamba, wanapiga kura. Sina haja ya kuongeza neno.

Baada ya kamba za plastiki kuenea bei ilianguka, na baada ya mwaka 1964 uzalishaji ukashuka mwaka hata mwaka. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha, Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakauzwa tena kwa watu binafsi. Brazil ikatupita. Ni katika wakati huo wa mwisho ndipo wakulima wadogo walipoanza kupewa sehemu katika mashamba makubwa ya Korogwe wapande mkonge wao wenyewe, na hapo ndipo maneno niliyoyaeleza yalipoacha kuwa mambo ya kamusi.

Kwa nini nasema hivyo? Katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana singa kavu kilo 3 au 4 tu. Zilizobaki ni maji na machicha. Sasa mkataba ukisema, "Mwanachama atauza mkonge wake," je, ameuza kitu gani? Akiwa ameuza majani, basi atalipwa kwa wingi wa majani, na mashine ikiwa mbovu, ikiacha singa nyingi ndani ya machicha, hasara si yake. Akiwa ameuza singa, atalipwa kwa uzito uliotoka kwenye brashi, na kwa daraja, kama ni 3L au ni UG, na ubovu wa mashine utamwangukia yeye ambaye hakuiendesha. Na hayo machicha ni ya nani? Zamani yalitupwa mtoni na hapakuwa na mtu wa kuyagombania. Lakini mwaka 2008 mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kwa machicha ya mkonge ulifunguliwa Hale, na tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba ni takataka tu. Aliyeuza "mkonge" ameuza na machicha. Aliyeuza "singa" hajayauza.

Katika miaka hii kumi nimesoma hati nyingi zilizotia neno mkonge katika sharti la kwanza, katani katika sharti la tano, na sisal katika jedwali la bei, kana kwamba ni mamoja. Mkulima aliposoma sharti la kwanza alifurahi. Alipolipwa kwa jedwali alishangaa. Wengine walidhani wameibiwa, wengine walidhani Katibu hajui hesabu. Maafisa wa ushirika waliokuja kukagua vitabu vyetu wameliona jambo hili pia, na kwa shauri lao Halmashauri imeandaa maneno mapya ya masharti yetu.

Katika maneno hayo mapya, mkonge litakuwa jina la mmea ulio shambani, na hilo tu. Jani litaitwa jani, na litahesabiwa kwa mafungu ya majani 30 kama desturi ya wakataji. Singa zitakuwa nyuzi kavu zilizopigwa brashi, na stakabadhi ya mizani itaandika uzito wake na daraja lake mbele ya mwanachama mwenyewe au mjumbe wake. Katani itakuwa bidhaa iliyosokotwa, kamba au uzi, siku tutakapokuwa na kiwanda chetu. Neno sisal litabaki katika barua za kwenda ng'ambo, kwa kuwa mnunuzi wa huko halijui lingine. Na machicha yametajwa kwa jina lake katika fungu la peke yake: ni mali ya mwanachama mpaka atakapoyauza kwa hiari.

Fungu hilo la mwisho ndilo lililoleta maneno mengi katika Halmashauri, na kura ziligawanyika. Wapo waonao kwamba gharama ya kuyapima machicha itazidi faida yake, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mkutano Mkuu ndio utakaoamua. Nakala za masharti yaliyopendekezwa zimebandikwa katika kila ghala la chama cha msingi, na wajumbe wanaombwa wazisome pamoja na wanachama wao kabla ya siku ya kura.